Maswali ya wasomaji: Gavana wa Kentucky anaanza kuchaguliwa mwezi wa tano, wewe kwenye daftari umeandikwa chama gani?

Wapendwa wasomaji, tangu nigusie uchaguzi wa gavana kwenye toleo lililopita meseji hazijakatika, simu inalia mpaka usiku, na naona wengi wenu mmeapa uraia hii miaka miwili mitatu kwa hiyo 2027 ndo itakuwa mara yenu ya kwanza kumchagua gavana hapa Kentucky. Nimechukua maswali yanayojirudia sana. Mengine yanafanana kwa hiyo usipoona lako soma la mwenzako, jibu limo.

SWALI: Dada salamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tulitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa Louisville 2014. Nimeapa uraia mwaka jana namshukuru Mungu. Nilivyoenda kujiandikisha kupiga kura kwenye fomu wakauliza mimi ni wa chama gani, nikashtuka, maana huko tulikotoka mtu akikuuliza chama chako ujue anakutafutia matatizo. Nikaweka alama pale pa wasio na chama. Sasa binti yangu ananilaumu anasema mama hutapiga kura ya kwanza. Kura ya kwanza ni ipi? Na serikali chama changu inakitakia nini? (Mama wa wanne, Louisville)

JIBU: Mama yangu hongera sana kwa uraia, na woga wako naujua, sio wewe peke yako. Kwetu kuna watu walihama nyumba usiku kwa sababu ya swali hilo hilo.

Ngoja nianze na gavana mwenyewe maana kila mtu kaja na gavana wake kichwani. Kongo gavana wa mkoa anachaguliwa na wabunge wa mkoa, wewe raia unasikia jina redioni tu. Tanzania mkuu wa mkoa anateuliwa na rais. Kenya ndo wanapiga kura wenyewe, kaunti 47, tangu 2013. Hapa Kentucky gavana unamchagua mwenyewe ila mara mbili, kwanza mwezi wa tano halafu Novemba. Ile ya mwezi wa tano ndo wanaita praimari, Wakenya wanasema mchujo, Watanzania wanasema kura za maoni. Kila chama kinachuja wagombea wake kinabakiza mmoja, na hao waliobaki ndo wanakutana Novemba.

Sasa tofauti kubwa na kwetu ni hii, kwetu mchujo ni shughuli ya chama, wajumbe wanakaa ukumbini, kadi zinaonyeshwa, mambo mengine tunayajua. Hapa mchujo unaendeshwa na serikali yenyewe, vituo vile vile, mashine zile zile, makarani wale wale. Karani lazima ajue akupe karatasi ipi, ya Republican au ya Democratic, na sheria ya Kentucky inasema mchujo wa chama ni wa walioandikwa chama hicho tu. Kuna majimbo mengine unafika kituoni unachagua hapo hapo, hapa hapana. Ndo maana wanauliza. Sio kadi, hulipi ada, huitwi kwenye mkutano, hakuna anayekuja kukuuliza mbona hukuvaa kofia. Na Novemba uko huru kabisa kumpigia wa chama chochote. Ni kweli kampeni zinaweza kupata orodha ya wapiga kura na vyama vyao, ndo maana utaona makaratasi yanajaa kwenye boksi la barua na vijana wanagonga mlango, lakini umempigia nani hiyo hajui mtu.

Mimi mwenyewe liliwahi kunipata mama. Mei 2023 nimetoka kazini nimechoka nikasema siendi nyumbani mpaka nipige kura, nikafika kituoni nikatoa leseni yangu, yule mama wa mezani mzee mmoja mpole sana akaitazama kwenye tableti yake, akatazama tena, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Jina langu, anwani yangu, na pembeni pa chama hamna chama. Akaniambia mpenzi, leo hapa sina karatasi ya kukupa. Nilikuwa nimeweka alama hiyo siku nachukua leseni, nikidhani nimejificha vizuri. Nilisimama pale watu nyuma yangu wanasubiri, machozi yananilenga, nikarudi kwenye gari. Kwa hiyo binti yako asikulaumu lakini anasema kweli.

Na usije ukaona mchujo ni jambo dogo. 2015 Republican walikuwa na wagombea wanne wa ugavana, kura zimepigwa zaidi ya laki mbili, zikahesabiwa usiku ule, mgombea wa kwanza na wa pili wakaachana kwa kura 83. Themanini na tatu mama! Jimbo lina kaunti 120, hata kura moja moja kwa kila kaunti haifiki. Matt Bevin alipata 70,480, James Comer akapata 70,397. Wakazipitia tena hesabu za mashine kaunti zote, bado 83 ile ile, Comer akakubali. Bevin Novemba akashinda akawa gavana miaka minne. Sasa fikiria ukumbi mmoja wa harusi yetu pale Louisville, watu 83 ni zile meza za mbele tu. Na huyo gavana ndo alikuja kutaka watu wa Medicaid waonyeshe kwamba wanafanya kazi ndo wabaki na ile kadi ya matibabu, jaji akazuia mara mbili, 2018 na 2019, halafu gavana aliyemfuata, Andy Beshear, Desemba 2019 akaufuta huo mpango. Hiyo kadi mama nadhani watoto wako waliwahi kuitumia, wangu waliitumia.

Cha kufanya: badilisha chama mapema. Kwa aliyekwisha kuandikwa, mwisho wa kubadilisha ni 31 Desemba ya mwaka kabla ya mchujo. Kwa mchujo wa gavana wa Mei 2027 maana yake 31 Desemba 2026 uwe umeshamaliza, ukibadilisha Januari Mosi umechelewa, utasubiri Novemba. Unaingia govote.ky.gov, binti yako atakusaidia, ni dakika chache. Ila ambaye hajawahi kujiandikisha kabisa, mfano anaapa uraia Februari 2027, huyo anaweza kujiandikisha wakati huo na chama chake na Mei akapiga, bora asivuke ile tarehe ya mwisho ambayo ni kama wiki nne kabla ya siku ya kura. Watu wengi wanachanganya hapo wanakata tamaa bure.

SWALI: Bro/sista wa gazeti, mimi na wife tunaelekea zaidi upande wa Democratic lakini jamaa yangu kazini mzungu mzee ananiambia jiandikishe Republican kwa sababu huku tunakokaa Bowling Green mambo yote yanaishia kwenye mchujo wao. Mi naona kama unafiki, nitasemaje mbele za watu? Alafu kisheria si kosa? (Baba Neema, Bowling Green)

JIBU: Sio kosa kaka. Hakuna sheria inayokupima moyo, unaandikwa chama unachosema mwenyewe basi. Na huyo mzee wako anajua historia ya jimbo lake, kwa sababu Kentucky wamefanya hivyo miaka mingi ila kwa kugeuza. Kuna watu walikuwa wanampigia rais wa Republican kila mara lakini kwenye daftari la wapiga kura wameandikwa Democratic mpaka wanazeeka, kwa nini, kwa sababu sheriff, jaji wa kaunti (huku ndo mkuu wa kaunti), nani na nani, wote walikuwa wanapatikana kwenye mchujo wa Democratic, usipokuwemo humo huna sauti ya nani anasimamia barabara yako. Ni mwaka 2022 tu ndo Republican waliwapita Democratic kwa idadi ya walioandikwa, wakati kura za urais jimbo lilishaenda kwao kuanzia 2000 bila kurudi.

Maoni yangu mimi, na hapa sikwambii umpende nani: angalia mchujo upi una ubishi wa kweli na upi una mtu ambaye ungeumia asipopita. 2023 Beshear alikuwa anatetea kiti, mchujo wa Democratic haukuwa na shughuli, wakati Republican walikuwa na wagombea kumi na mbili, kuna Daniel Cameron aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo na Trump kamuunga mkono karibu mwaka mzima kabla, kuna Ryan Quarles aliyekuwa kamishna wa kilimo wa jimbo, kuna Kelly Craft aliyewahi kuwa balozi Umoja wa Mataifa na alimwaga pesa nyingi kwenye matangazo ya tivii. Cameron akachukua kama asilimia 48, na hapa Kentucky hakuna raundi ya pili, anayeongoza ndo kapita hata akiwa na theluthi. Uliza 2019, Beshear alipita mchujo wa Democratic na kama asilimia 38 tu, Rocky Adkins 32, Adam Edelen 28. Maana yake wengi wa chama chake siku ile walimtaka mtu mwingine, na bado ndo gavana.

Na kuna kitu kingine watu hawakitazami. 2019 hiyo hiyo Bevin akiwa gavana aliyeko madarakani alipata asilimia 52 tu ndani ya chama chake mwenyewe, mgombea ambaye wengi hata hawakumjua akachukua 39. Gavana aliyekaa ikulu karibu miaka minne anakataliwa na karibu nusu ya watu wake! Walimu alikuwa ameshagombana nao vibaya mambo ya pensheni. Ukitaka kujua Novemba itakuwaje soma mwezi wa tano vizuri, Bevin akaja akaanguka kwa kura 5,136 mbele ya Beshear, wakati siku hiyo hiyo Republican walizoa vyeo vingine vyote vya jimbo zima.

Kuhusu utasemaje mbele za watu, kaka, usiseme. Ila 2027 mambo yatakuwa tofauti, Beshear anamaliza mihula miwili mfululizo na katiba ya jimbo haimruhusu wa tatu wa kufuatana, kwa hiyo kiti kiko wazi, michujo yote miwili inaweza kuwa moto. Ukikaa na mke wako mkaamua mmoja aandikwe huku mwingine kule, hilo nalo linaruhusiwa, nawajua watu wanaofanya hivyo na nyumba yao ina amani.

SWALI: Nafanya shifti ya usiku kwenye ghala, naingia saa kumi jioni natoka alfajiri, Jumanne ya kura siku zote nakuwa kazini au nimelala kama maiti. Bosi akikataa? (Kijana wa Louisville)

JIBU: Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Sheria ya Kentucky inamlazimisha mwajiri akupe muda wa kupiga kura usiopungua masaa manne, ila lazima umwombe KABLA ya siku yenyewe, na yeye anaweza kupanga ni masaa yapi, na kulipwa kwa masaa hayo usitegemee. Omba kwa meseji au imeili ubaki na ushahidi. Lakini kwa nini uhangaike na Jumanne, siku hizi kuna Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla yake, huhitaji kutoa sababu yoyote, unakwenda na kitambulisho chenye picha unapiga unaondoka. Ukitoka shifti Ijumaa alfajiri, kunywa chai, pitia hapo kabla ya kulala. Foleni mara nyingi hakuna. Vituo vya siku hizo tatu ni vichache kuliko vya Jumanne kwa hiyo angalia kwanza kipi kiko karibu na wewe.

SWALI: Mimi bado nina grini kadi, nimekaa miaka sita. Nilivyoenda kuchukua leseni wakaniuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, Kiingereza changu kidogo nikasema yes yes. Juzi nimeletewa barua ya kituo cha kura. Naweza kwenda? (Jina tumelihifadhi)

JIBU: USIENDE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nakuogopea ndugu yangu. Asiye raia hapigi kura ya gavana, na Novemba 2024 watu wa Kentucky walipiga kura wakaliweka wazi zaidi kwenye katiba ya jimbo. Hata kuandikwa tu bila kupiga ni tatizo, kwa sababu siku unajaza fomu ya kuomba uraia kuna swali linakuuliza kama umewahi kujiandikisha kupiga kura popote Marekani, na jibu la uongo hapo ni baya kuliko kosa lenyewe. Mtu anaweza kunyimwa uraia, anaweza kuitwa mahakama ya uhamiaji.

Kwa hiyo fanya hivi. Hiyo barua usiitupe, itunze. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji kwanza, mwanasheria kweli sio mtu wa kujaza fomu kanisani, mashirika yaliyowapokea wakimbizi mengi yana wanasheria au yanajua wa kukuelekeza kwa bei ndogo, umweleze ilivyotokea bila kuficha, halafu yeye ndo akusaidie kuandika barua ya kujitoa kwenye daftari. Kujitoa mapema kabla hujapiga kura yoyote kunakusaidia sana. Na wengine wote mnaosoma mkiwa na grini kadi, hilo swali la kwenye dirisha la leseni jibu lake ni NO, hata kama karani anaongea haraka, hata kama nyuma yako watu wanaguna. Mwambie aseme tena pole pole. Waelezeni na vijana wenu wanaofika miaka 18, maana wao Kiingereza wanakijua ndo wanaokubali haraka.

SWALI: Kila siku nasikia gavana Beshear amekataa kusaini sheria fulani, kesho yake nasikia imepita. Sasa gavana wa nini? Si tunajisumbua. (Mzee wa Lexington)

JIBU: Shikamoo mzee. Hatujisumbui lakini umeona kitu cha kweli. Majimbo mengi bunge likitaka kumpita gavana aliyekataa sheria linahitaji kura nyingi sana, theluthi mbili mara nyingi. Kentucky wanahitaji nusu na moja tu, 51 kati ya 100 kule kwa wawakilishi na 20 kati ya 38 kwa maseneta. Na Republican wana zaidi ya hapo sana kwenye nyumba zote mbili. Kwa hiyo kukataa kwake kunabaki kama kuandika msimamo.

Lakini mzee gavana ana mkono wake ambao bunge haliushiki kirahisi. Desemba 2019 wiki yake ya kwanza kazini Beshear alisaini amri ikawarudishia haki ya kupiga kura watu zaidi ya 140,000 waliokuwa wamemaliza vifungo vya makosa yasiyo ya ukatili. Bunge halikupiga kura hiyo, ni kalamu yake. Baba yake, Steve Beshear, alipokuwa gavana naye alipanua Medicaid namna hiyo hiyo, 2014 ikaanza kutumika. Na kimbunga kile cha Desemba 2021 kilichofuta Mayfield na kikapita Bowling Green kwenye mitaa wanayokaa wakimbizi, anayeita jeshi la akiba, anayempigia simu rais kuomba msaada, ni gavana. Naamini hayo ndo yalimfanya 2023 apate asilimia 52 na nusu kwenye jimbo ambalo Trump alikuwa ameshashinda mara mbili kwa zaidi ya pointi 25.

Ukichukia kuona anapitwa kila siku, au ukifurahi kuona anapitwa, dawa iko kwa mbunge wako wa jimbo, na huyo pia anapatikana kwenye mchujo wa mwezi wa tano ambao watu wetu hawaendi. Wilaya nyingi Novemba mbunge hana hata mpinzani.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71, alipewa uraia bila mtihani wa Kiingereza kwa sababu ya afya. Hajui kusoma Kiingereza, Kiswahili anasoma Biblia yote. Anasema atakwenda kumwaibisha nani kituoni. Naweza kuingia nae? (Furaha, Louisville)

JIBU: Unaingia nae Furaha, tena kwa haki kabisa. Sheria ya nchi nzima inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma achague mwenyewe mtu wa kumsaidia, mtoto, jirani, mtu wa kanisani, yeyote isipokuwa bosi wake au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Na sheria ya Kentucky yenyewe imetaja asiyeweza kusoma Kiingereza. Mtafika mezani mama atoe kitambulisho, wewe useme nimekuja kumsaidia mama yangu kwa sababu hasomi Kiingereza, watawapa karatasi ya kiapo mjaze, halafu mnakwenda wote kwenye kile kidawati chenye kizuizi.

Mfanyie mazoezi nyumbani. Karatasi ya mfano huwa inawekwa mtandaoni siku nyingi kabla, iprinti, muweke mezani na miwani yake na peni nyeusi, ajifunze kujaza lile duara likajaa lote bila kutoka nje, sio kuweka tiki, mashine inataka duara lijae. Mwoneshe na kile kiduara cha juu cha kupigia chama kizima kwa mara moja, kinakuwepo Novemba, mimi huwa nawashauri wazee wakiache wapite jina kwa jina, maana ukikijaza bila kujua umeshawachagua watu usiowajua mpaka chini. Msomee majina kama yalivyo, umwambie huyu ni wa gavana na Novemba huyu aliye pamoja naye ni mgombea mwenza, wanapigiwa kura moja. Asome mwenyewe kwa sauti ya chini, aseme huyu. Mkono unaoshika peni uwe wake.